Barua Niliyoichelewesha kwa Shangazi Paskazia

Safari hii sikuipanga. Jumatano asubuhi nilikuwa Bukoba, dukani kwangu, kwenye steshenari yangu ndogo, katika ile saa yangu ya raha. Kila siku kabla ya kufungua mlango wa mbele naketi na kaunta buku yangu ya kwaya mbili, naandika ukurasa mmoja wa hadithi kwa kalamu ya wino. Ukurasa mmoja tu, ndipo nifungue. Ninyi wenzangu wa kikundi chetu cha uandishi mnanijua, na mnanicheka kwamba nanusa daftari jipya mbele za watu bila haya. Basi simu ikalia. Alikuwa Shangazi Leokadia wa Ihembe, dada yake baba, ndiye aliyenilea.

"Jumatatu napasuliwa tumbo," alisema, hata salamu hakungoja. "Njoo kesho. Uje na karatasi nzuri na bahasha. Utaniandikia barua kwa Paskazia, na utaipeleka mwenyewe."

"Shangazi, si umpigie simu?"

"Nilimpigia. Aliposikia ni mimi akakata."

Paskazia ni mdogo wake, ameolewa Nyakatuntu, kule Kyerwa. Ndugu hao wawili walikuwa hawajasemezana kwa zaidi ya miaka thelathini. Wakikutana kwenye misiba ya ukoo, kila mmoja hukaa mkeka wake. Kila mtu kwetu alijua kwamba hawasemezani. Aliyeijua sababu yote ni mimi peke yangu, kwa kuwa sababu yenyewe ni mimi.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilipanda gari la Karagwe. Tulipouacha mto Kagera pale Kyaka na kuanza kupanda, ukungu ulikuwa bado mabondeni, na mbele za nyumba watu walikuwa wanatandaza kahawa kwenye mikeka. Harufu ile ikanirudisha utotoni moja kwa moja. Mimi nilikuwa karani wa nyumba. Shangazi hakusoma, majirani wengi hawakusoma, kwa hiyo barua zote za upande wetu wa Ihembe zilipita mikononi mwangu. Nilikuwa nachana karatasi katikati ya daftari, pale penye pini, ili mwalimu asigundue. Wao wanasema kwa Kinyambo, mimi naandika kwa Kiswahili. Nikimaliza nalamba bahasha, napewa ndizi mbivu, na najiona mtu mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Jamani, nilizipenda siku zile!

Nilipokuwa darasa la saba, mume wa Paskazia alifariki. Wiki ileile Shangazi Leokadia alikuwa ameteleza kwenye migomba na kuvunjika mguu, hakuweza kwenda kuzika. Akaniita niandike. Alisema mengi sana, huku analia. Sasa mimi mwezi ule ndiyo kwanza tumefundishwa barua rasmi. Mwalimu alikuwa ametuambia barua rasmi haina porojo. Tena nilikuwa nimepata peni ya rangi nne, ya kwanza katika darasa zima, na ilikuwa inaniwasha mkononi. Nikaweka anwani mbili. Nikaandika: YAH: KUTOHUDHURIA MSIBA. Nikaipigia mstari kwa rula, wino mwekundu. Kisha: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nasikitika kukuarifu kuwa sitaweza kufika kutokana na ugonjwa. Wako katika ujenzi wa taifa." Nikaitazama, nikaona sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile.

Barua hiyo ilisomwa na mwalimu wa katekesi mbele ya waombolezaji, mjane ameketi chini. Jibu halikuja. Mimi nilikuja kujua hayo kwenye harusi moja ya ukoo, Leokadia hayupo, nikiwa tayari mtu mzima, binamu mmoja alipoiigiza ile "Yah" watu wakacheka hadi machozi. Nilitoka nje, nikaiacha pilau mezani. Na bado nikanyamaza, miaka ikapita.

Saa saba mchana nilifika Ihembe. "Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hilo duka halina chakula?"

Amekuwa mdogo, Shangazi, lakini mdomo ni uleule. Alinipa matoke na maharage, akangoja nimalize, kisha akakaa sawa kwenye kigoda. Nikatoa karatasi niliyoichagua, nene, ya rangi ya maziwa, na kichupa cha wino wa buluu. Aliipapasa karatasi kwa kidole. "Hii ni nzuri," alisema. "Sasa andika ninavyosema. Usinipambie."

Nikamwangalia nione kama anajua kitu, lakini hakuwa anajua. Akaanza: "Paskazia mdogo wangu. Mimi nakwenda kupasuliwa. Nikirudi, Mungu asifiwe. Nisiporudi, usije ukakaa mkeka wa mbali siku hiyo. Kosa langu silijui. Nimelitafuta miaka yote sijaliona. Lakini nisamehe."

Kalamu ikasimama pale kwenye "silijui". Nikaandika neno lile kwa mkono wangu mwenyewe, mkono uleule, na hati yangu nzuri. Nilijichukia kweli.

Ijumaa asubuhi nilipita Omurushaka, nikashika barabara ya Nkwenda, na mbele zaidi nikachukua bodaboda hadi Nyakatuntu. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Bahasha niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaiweka kifuani.

Shangazi Paskazia nilimkuta uani anachambua maharage. Alinipokea vizuri, akaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni wa heshima. Nilipomwambia nimetumwa na nani, mikono yake ikaacha kuchambua.

"Soma," alisema. "Wewe si ndiye karani wake?"

Nikasoma. Hakunikatiza mpaka nilipofika pale.

"Halijui!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Maawe! Mume wangu hajazikwa, ananiletea Yah! Husika na kichwa cha habari! Mimi ni halmashauri? Na mstari mwekundu, kama ananisahihisha! Halafu kosa halijui!"

"Shangazi, ile Yah ni yangu."

"Nini?"

"Yeye hakuisema. Hajui hata kama ipo. Alisema maneno mengine, mengi, analia. Mimi niliyaacha, nikaandika tuliyofundishwa shuleni. Nilitaka ipendeze."

Kuku alipita katikati yetu akadonoa maharage, wala hakuna aliyemfukuza. Nilitamani Paskazia anipige.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

"Na sasa?"

"Arobaini na sita."

"Ile kumi na tatu nimekusamehe. Ulikuwa mtoto," alisema. "Hii mingine utamweleza dada yangu. Kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa pale." Akainuka, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha kutokea na pochi kwapani. Barua ya rangi ya maziwa ilibaki juu ya ungo wa maharage, hakuna aliyekumbuka kuichukua.

Ijumaa jioni, jua likiwa bado lipo, tulifika Ihembe. Leokadia alikuwa ameketi mlangoni. Alipomwona anayeteremka nyuma yangu alianza kusimama, akakaa tena. Paskazia alikwenda akakaa kwenye mkeka mwingine, upande wa pili kabisa, akanielekeza kwa kidevu: sema.

Nilisema yote. Peni ya rangi nne, rula, porojo, harusi, miaka niliyonyamaza. Nililia kama mtoto. Leokadia hakuniambia nyamaza. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Kwa hiyo nilikuwa nangoja jibu la barua ambayo sikuituma," alisema mwishoni. Kisha akaniuliza, "Nilisema nini siku ile? Maana mimi nimesahau."

Mimi sikuwa nimesahau. Nimeandika kurasa ngapi maishani sijui, lakini maneno yale ambayo sikuyaandika ninayo yote. Nikayasema kwa Kinyambo, kama alivyoyasema yeye:

"Paskazia, mguu umevunjika. Nimewaomba wanibebe kwa machela, wamekataa. Tangu juzi sijala. Siku ya kunyoa usimruhusu mtu mwingine ashike wembe. Ningekunyoa mimi, kama tulivyonyoana alipokufa mama. Ningoje nipone. Kaa na nywele zako, watu waseme watakavyosema, nitakuja na wembe wangu."

"Alininyoa wifi," Paskazia alisema. "Alikuwa na haraka. Alinikata hapa."

Akateremsha kitambaa cha kichwa, akainama mbele. Leokadia akanyoosha mkono, akatafuta kwa vidole kati ya mvi mpaka akalikuta lile kovu nyuma ya sikio, akaliwekea kiganja. Mimi nilitoka nje.

Jumamosi nilirudi Bukoba peke yangu. Paskazia alibaki, akampeleka dada yake hospitali, na upasuaji ulikwenda salama. Leokadia bado ananijibu mimi kwa mkato kwenye simu, na ana haki yake. Karatasi nzuri ningali nazipenda, na ukurasa wangu wa asubuhi sijauacha. Ila mtu akija dukani kutaka nimchapie barua ya msiba, nazima kompyuta kwanza, namvutia kiti, namwambia aseme mpaka amalize. Akilia, nangoja. Nikishika kalamu, naandika alichosema yeye.