Mlango wa Ng'ombe

Morogoro nilikuwa nachora ramani za majengo katika ofisi ya halmashauri. Nilipohamia mji wa Buffalo, ng'ambo, cheti changu hakikutambuliwa. Nikasoma kozi fupi ya kuhudumia wazee, na kampuni ikanipeleka shambani, mwendo wa saa nzima kutoka kwangu, mtaa wa Black Rock, nikakae na bibi mmoja Jumatatu hadi Ijumaa.

Babu yake alitoka Welisi, akajenga kama walivyojenga kwao: nyumba ndefu na nyembamba ya mawe, watu upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, paa moja. Ng'ombe walikuwa wameondoka zamani, na zizi lao limegeuzwa chumba kikubwa chenye meza ya kulia. Kuta zilikuwa nene mno. Ili nifute kioo cha dirisha nilinyoosha mkono wote, kutoka begani hadi vidoleni. Dari ilikuwa chini, boriti zimejaa masizi, na ngazi ya mawe ilijisokota nyuma ya meko kama imejificha. Kila kitu kilijengwa kuzuia upepo usiingie, na mtu naye hakutoka kwa urahisi.

Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Wabebaji walipomrudisha kutoka hospitali, walimpitisha kwenye ujia wa mlango wa mbele wamemwinamisha ubavu, na mmoja akachubuka mkono ukutani. Baada ya hapo kiti chake cha magurudumu kilizunguka jikoni, chumba cha meko na chumba kikubwa, basi. Mlango wa mbele ulikuwa mwembamba, una kona kabla na vidato viwili baada yake. Wa jikoni ulikuwa mwembamba zaidi.

Theluji ikaanguka, ikakaa. Nilimwogesha, nikampikia, nikamgeuza kitandani. Alasiri, alipokaa dirishani, mimi nilipima nyumba kwa futi yangu ya zamani, nikichora nyuma ya fomu za kazi. Nisingefanya hivyo ningepiga makelele.

"Leo umepima nini?" aliniuliza siku moja.

"Mlango wa mbele, bibi. Kwa mara ya tatu."

"Umeongezeka?"

Tulicheka, kisha akageuza uso. Binti yake, aliyehamia mji wa mbali wa Reynoldsburg, alimpigia kila Jumapili kumsihi ahamie kwake. Jibu lilikuwa lile lile: "Nimezaliwa hapa. Nitatolewa hapa nimelala."

Theluji ilipoyeyuka nilizunguka nje nikipima. Upande wa zizi, nyuma ya mmea mtambaazi uliokauka, niliona mistari miwili iliyosimama wima ukutani. Mwashi hupishanisha mawe. Hapangi viungo vinyooke namna ile bila sababu. Juu ya mistari lilikuwa limelala jiwe moja refu. Nikapima katikati: kiti kingepita na nafasi ikabaki. Nilirudi ndani mbio, viatu vikiwa na matope.

"Bibi, ng'ombe walikuwa wanaingilia wapi?"

Alifikiri sana. "Baba aliziba. Nilikuwa mdogo. Alisema baridi inapita."

Binti alisita tulipomwambia tunataka kuuzibua mlango ule, lakini bibi alishika simu mwenyewe akamwambia nyumba bado ni yake. Kibali cha mji kilichukua wiki nyingi. Kilipotoka nilimwendea jirani yangu wa Black Rock, Mkongo wa milima ya Kivu ya Kusini. Kwao alikuwa mwashi. Huku alipanga maboksi ghalani. Alikuja na nduguye, akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Bon, mama, mulango iko humu ndani," alisema. "Ile jiwe ya juu hatuiguse. Donc, tunatoa moja moja, pole pole."

Walifanya kazi siku mbili kwa nyundo na tindo. Bibi hakuondoka pale. Vumbi la chokaa lilimkaa kwenye nyusi. Jiwe la mwisho lilipotoka, mwanga wa mchana ulimwagika hadi miguuni pake, naye akakamata mikono ya kiti. Sakafu na uwanja vilikuwa sawasawa, kwa ajili ya kwato.

Nilimsukuma nje. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Nilitegemea atafurahi, lakini alilia kwa sauti, na nilipotaka kumrudisha alinishika kifundo cha mkono.

"Usinirudishe mle, binti yangu. Bado."

Tulikaa hadi jua lilipoanza kushuka. Aliitazama nyumba kwa nje, ukuta mzima. Mwishowe akasema, "Nilidhani naipenda. Kumbe nilikuwa siwezi kutoka, nikaona bora niseme naipenda."

Jumapili ile alimwambia binti yake ndiyo.

Binti yake alikuja kumchukua kabla ya majira ya kupukutika majani. Alipita mlango wa ng'ombe ameketi wima, mkoba magotini. Nami nikawa sina kazi. Sikujuta, ingawa niliporudi kwangu nilikaa garini muda mrefu kabla ya kushuka.

Sasa niko kiwandani Tonawanda, kwenye ukumbi usio na dirisha hata moja, nafunga vifuniko vya chupa. Bibi hunipigia. Juzi alilalamika kwamba kuta za huko ni nyembamba, anasikia jirani akipiga chafya.

"Unamwambiaje?" nikamuuliza.

"Namwambia afya," akasema. "Naye anajibu asante."

Kengele ya kiwanda ikalia, ikabidi nikate simu.