Moto wa Mjomba

Mwajabu binti Mtoro hushona vitabu. Hashoni nguo wala mikeka, na mtu akimletea gauni la kupunguza kiuno humwonesha njia ya kwenda kwa fundi cherehani. Kazi yake ni misahafu iliyoachia kurasa, juzuu zilizotafunwa na mende, vitabu vya maulidi vilivyolowa mvua, na siku hizi hata vitabu vya shule vya watoto wa jirani. Ukifika kwake Ruaruke na kitabu, karibu. Ukifika na ushauri kwamba sasa yatosha, asahau, amwachie Mungu, basi rudi na ushauri wako ulikotoka. Wako waliojaribu, na hakuna aliyefika mwisho wa sentensi.

Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, Mtoro bin Shaabani, kule Maparoni ndani ya delta, ambako maji ya chumvi huingia mpaka uani na karatasi haina maisha marefu. Mzee Mtoro hakuwa na duka wala mashine. Alikuwa na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa nyavu aliousugua kwa nta ya nyuki, na mbao mbili za mkoko za kubania, na gundi ya unga wa ngano aliyoipika kwa maji ya mwarobaini ili mchwa waikimbie. Mwanawe wa kiume, Hemedy, alikaa naye siku chache akachoka, akaenda zake kukata mikoko. Mwajabu alikaa mpaka vidole vikaota sugu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mzee hakumruhusu mtu mwingine alifanye. Kurasa zilizochakaa kabisa, ambazo hata yeye zimemshinda, hazikutupwa jalalani, kwa kuwa zina maneno ya Mungu. Alizikusanya kwenye mfuko uliotundikwa darini, na Ramadhani ikikaribia alitia udhu, akaziteketeza polepole ndani ya chungu safi, kisha majivu akayamwaga kwenye maji yanayokwenda. Lakini kabla ya kuutia ukurasa motoni aliusoma. Aliupeleka kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku. "Huu bado unasomeka, mwanangu, rudisha," alikuwa akimwambia Mwajabu, na ukurasa ukarudi kwenye mafungu ya kushonwa. Miaka mingine alikusanya mfuko mzima na akachoma kurasa mbili tu.

Mwajabu aliolewa Ruaruke, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Swalehe. Mtoto huyo alipenda vitabu kuliko alivyopenda kula. Alipokua alisomesha chuoni, maana yake alifundisha watoto Kurani pale barazani kwao, na shule aliyoishia kidato cha nne alikuwa akijiandaa kurudia mtihani wake. Kabati lake lilijaa. Msahafu wa babu yake, Mzee Mtoro, wenye jalada la kitambaa cha kijani, ulikaa rafu ya juu peke yake.

Kisha ikaja ile miaka. Mtu wa Kibiti ukimwambia "ile miaka" hakuulizi ipi. Viongozi wa vijiji walikuwa wakipigwa risasi milangoni mwao, pikipiki zikapigwa marufuku baada ya magharibi, na watu wakajifunza kuzungumza huku wakiangalia nyuma. Hofu ilikuwa ya kweli, na Mwajabu hajawahi kumlaumu mtu kwa kuogopa. Yeye mwenyewe aliogopa. Anachokilaumu ni kile ambacho watu walikifanya na hofu yao.

Ulizuka uvumi kwamba mtu akikutwa na kitabu cha maandishi ya Kiarabu atahesabiwa ni mmoja wa wauaji wale. Nani alisema? Hakuna. Hakuna aliyesikia agizo hilo kwa masikio yake, hakuna aliyeliona limebandikwa popote, na bado lilitiiwa nyumba kwa nyumba kuliko amri yoyote iliyowahi kutolewa. Watu walichimbia vitabu vyao chini ya migomba. Wengine walivizamisha mtoni. Wengine walimjia Mwajabu na mafurushi, wakamwomba avichome yeye, kwa kuwa ndiye mwenye kujua namna ya kuvichoma kwa heshima. Alivifungua, akavikuta vizima, akawarudishia mikononi mwao.

"Hiki hakijachakaa," alimwambia kila mmoja. "Kilichochakaa ni moyo wako."

Siku ya moto wenyewe, Mwajabu alikuwa ametoka Maparoni kurudisha misahafu ya watu. Aliposhuka kwenye pikipiki mchana ule alisikia harufu ya mafuta ya taa kabla hajauona moshi. Uani mwake alimkuta kaka yake Hemedy, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, anabeba vitabu vya Swalehe kifuani kama mtu anayebeba kuni, anavibwaga kwenye moto. Kabati lilikuwa wazi na tupu.

"Unafanya nini, kaka?"

"Namwokoa mwanao. Kaa pembeni."

"Nani kakutuma?"

"Mimi mjomba'ke, nitumwe na nani? Wakija wakakuta maandishi haya, wadhani watauliza ni ya nini? Na usinitolee macho. Hata baba alikuwa akichoma."

"Baba alikuwa akisoma kwanza. Wewe umesoma nini?"

Hemedy alichukua kidumu akamimina mafuta mengine, na Mwajabu aliyeingiza mikono kuokoa akaungua kiganja, kovu lake analo mpaka leo. Maishani mwake hakuwahi kumwona baba yake akimwagia kitabu mafuta ya taa.

Na ni vitabu gani hivyo vilivyokuwa vya kutisha kiasi hicho? Kulikuwa na kitabu cha mirathi, ambacho Swalehe aliwasomea wajane wa kijiji mpaka wakapata mashamba yao. Kulikuwa na kitabu cha kuosha maiti. Kulikuwa na maulidi, na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mkono wa babu yake, zinazofundisha kupanda mpunga na kumheshimu mama mkwe. Kulikuwa na juzuu za watoto. Na kulikuwa na kitabu cha biolojia cha kidato cha nne, chenye picha ya chura aliyepasuliwa, nacho kikachomwa, kwa kosa la kulala kabati moja na wenzake. Hemedy hakujua kipi ni kipi. Mtu anayechoma vitabu hana haja ya kujua, na hilo ndilo linalomkata Mwajabu maini.

Swalehe alirudi kutoka shambani, alikokuwa akiamia ndege wasile mpunga. Alisimama pale kamba ya kufukuzia ndege ikiwa bado begani.

"Mjomba," alisema, "vingine ni vya wanafunzi."

Alichuchumaa akaanza kuokota majivuni vipande vilivyobaki, akavipanga juu ya kanga ya mama yake kana kwamba vingeweza kushonwa. Havikuweza.

Haikupita wiki wakaja watu. Hawakusema wametoka wapi, na gari lao halikuwa na maandishi. Hawakwenda chumbani wala darini. Walikwenda moja kwa moja uani, kwenye lile doa jeusi. Jirani mmoja, ambaye Mwajabu anamjua na bado hujibu salamu yake kwa shida, alikuwa amesimulia dukani kwamba kwa mshona vitabu kumechomwa mzigo wa vitabu, na kutoka dukani habari ilikwenda ilikokwenda.

"Mlichoma nini hapa?"

"Vitabu vya dini," Swalehe alijibu. "Na vya shule."

"Mwislamu anachoma kitabu chake cha dini? Vingekuwa vya dini mngevitunza. Haya, tuoneshe hata kimoja."

Hapakuwa na hata kimoja. Vingekuwepo, vingejitetea vyenyewe. Angeitwa sheikh yeyote, avifungue pale pale kwenye mkeka, asome mirathi, asome tenzi za mpunga, na yule chura angewachekesha wote. Lakini majivu hayasomeki, na kila mwenye nia mbaya huyasoma anavyotaka. Hemedy alidhani anafuta ushahidi dhidi ya mpwa wake. Alifuta ushahidi pekee uliokuwa upande wake.

"Nani kachoma?"

Hemedy alikuwa amesimama mlangoni, hatua chache kutoka hapo. Swalehe hakumtazama.

"Nimechoma mimi," alisema.

"Mwongo huyo!" Mwajabu alipiga kelele. "Si yeye. Kaka, sema. Sema, kaka."

Hemedy alitazama ndara zake. Aliendelea kuzitazama wakati Swalehe anapandishwa garini, na gari lilipoondoka alikuwa bado anazitazama. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Mwajabu kumwita kaka.

Alimtafuta mwanawe Kibiti, akamtafuta Utete, akapanda gari mpaka Dar es Salaam akakaa kwa watu asiowajua. Kila mlango ulimtuma kwenye mlango mwingine, na kila aliyekaa nyuma ya meza alimwambia jina hilo halipo. Miaka ikapita. Amani ikarudi, barabara ikachangamka, na watu wakaanza kumwambia amsomee Swalehe hitima, roho yake ipumzike. Mwajabu aliwauliza kila mara swali moja: kaburi liko wapi? Hakuna aliyemwonesha, na yeye, aliyekalia eda ya mume ambaye kaburi lake aliliona, hakuwa tayari kumzika mtoto kwa kukisia.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Hemedy alipiga hodi. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Alileta kitu ndani ya kitambaa cheupe, akakiweka mkekani kwa mikono miwili.

"Mwajabu, mdogo wangu. Nataka ushone hiki. Ukimaliza uandike mbele kwamba ni wakfu kwa marehemu Swalehe. Ijumaa n'tautoa msikitini, tusome na hitima, yaishe. Na mimi nife vizuri."

Mwajabu alifunua kitambaa. Lilikuwa jalada la kijani. Aliujua uzi wa nyavu, aliujua mkono wa baba yake kwenye kila fundo. Ulikuwa msahafu wa Mzee Mtoro, ambao miaka yote hii aliamini uliungua na wenzake. Aliufungua, na katikati ya kurasa zikamwagika pumba za mpunga.

"Uliuweka wapi?"

"Kwenye kihenge. Chini ya mpunga." Hemedy alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa wa baba. Niliutoa kwanza, kabla sijawasha."

Mwajabu aliziokota zile pumba moja moja. 

"Kumbe ulijua kwamba kitabu hufichika," alisema. "Ulijua, Hemedy. Cha baba yako ulikiona kinafichika. Vya mwanangu ukaviona kuni."

Hemedy alianza kulia. Mwajabu alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akamwambia ataushona.

Aliushona vizuri. Hakuna atakayesema aliharibu kazi ya baba yake kwa sababu ya hasira. Alizifungua kurasa, akazipangusa, akasugua uzi kwa nta, akabania kwa zile zile mbao za mkoko. Mwisho akashonea ukurasa mtupu mbele kabisa, mbali na maneno ya Mungu, akaandika juu yake kwa kalamu nyeusi. Hemedy alipoufuata aliufungua katikati, akaubusu, akamshukuru, akaufunga kwenye kitambaa chake bila kutazama mwanzo.

Msikiti ulijaa Ijumaa ile. Kawaida yao, wakfu ukitolewa, sheikh husoma kilichoandikwa mbele ili watu waitikie amin. Mwajabu alikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akamsikia sheikh akikohoa, akianza kusoma kwa sauti yake ya kila siku, kisha sauti ile ikipungua.

"Msahafu huu ni wa Mtoro bin Shaabani wa Maparoni. Mwanawe Hemedy aliuficha chini ya mpunga siku ile ile aliyochoma vitabu vya Swalehe, mtoto wa dada yake. Swalehe alipoulizwa alisema amechoma yeye. Hakuchoma yeye. Mama yake bado anamngoja. Atakayesoma humu amwombee arudi."

Hakuna aliyeitikia. Mtu mmoja alijikuna, mwingine akasogeza goti lake. Sheikh aliufunga msahafu, akaufungua tena pale pale, akauliza kama ni kweli.

"Siku ile hakusema," Mwajabu alisema kutoka nyuma ya pazia. "Aseme leo."

Watu walianza kutazamana. Kisha ikasikika sauti ya Hemedy, ndogo, kutoka safu ya mbele alikokaa kwa heshima ya mtoa wakfu.

"Nimechoma mimi."

Maneno yale yale mawili. Mwajabu aliyasikia na hakuona nafuu yoyote. Alichokiona ni jinsi yalivyokuwa mafupi, jinsi ambavyo mtu mzima angeweza kuyatoa mlangoni pake mchana ule bila hata kuvuta pumzi ya pili.

Ubani ulikuwa unafuka na sinia za pilau zilikuwa zinangoja nje. Sheikh akauliza, kwa upole, kama hitima iendelee.

"Hapana," alisema Mwajabu. Akasimama, akatafuta kandambili zake, akaenda nyumbani.