Mfuko wa Mita ya Kwanza

Mfaume wa kijiji cha Miteja nilimjua mwaka ule miguu iliponifikisha kwake nikiwa na homa. Mtu mpole. Kazi yake ilikuwa kuwachimbia mashimo watafiti wa urani.

Mtaalamu wao, Jerome, alipiga vigingi mashambani kila mita hamsini. Penye kigingi Mfaume alichimba mita nne, na sehemu ya udongo wa kila mita ikatiwa mfuko wake wenye namba. Urani yenyewe haiko chini sana: ni unga wa manjano ndani ya udongo mweupe kama chokaa. Kwa mifuko hiyo wangekadiria iliyolala chini ni kiasi gani.

Kigingi kimoja kikaangukia kwenye mikorosho yake, pale alipozikwa mwanawe. Alikufa siku ya nne tangu kuzaliwa, hajapewa jina, na mtoto wa hivyo kwao hawekewi hata jiwe. Mfaume aliona haya kumwonyesha mgeni kaburi lisiloonekana. Akakihamisha kigingi hatua kumi, akachimba huko.

Wallahi, shimo lile likatoa manjano tupu! Mashine ya Jerome ya kupimia urani ikalia kama chenene.

"Mzee, una mkono wa bahati wewe!" Jerome akacheka. "Hapa tunaongeza. Mashimo manne kulizunguka, mita kumi kumi."

Moja kati ya hayo lingeangukia kaburini. Lakini ilikuwa Ijumaa. Mfaume akasema moyoni, nikitoka kuswali nitamweleza. Msikiti u mbali; aliporudi jioni, wachimbaji wenzake walikuwa wameshachimba, na gari la mifuko limeshaondoka kwenda maabara.

"Mmeona nini?" akauliza.

"Udongo tu, na kitambaa kimeoza."

Alipoelezwa habari ya kaburi, Jerome akasema, "Kwa nini hukusema, mzee wangu? Makaburi tunayaruka. Kwenye fomu yana nafasi yake."

"Sikujua karatasi yenu inamjua na asiye na jina."

Jerome akapiga simu maabara. Udongo ulikuwa umeshasagwa.

Siku majibu ya shimo la kaburini yalipokuja nilikuwepo. Zuhura, mke wa Mfaume, alimwomba Jerome asome.

"Mita ya pili, ipo. Ya tatu, ipo nyingi. Mita ya kwanza… hakuna kitu."

"Alikuwepo," Zuhura akasema.

Jioni ile Mfaume alilifukia shimo. Udongo haukutosha, ulipungua wa juu, ule uliokwenda na mfuko. Akaenda kuchota mwingine mlangoni kwake.