Zamu ya Watu wa Samuye

Zuhura, au Mama Akida kama walivyomwita wote, alipanga zamu katika kampuni ndogo ya dhahabu nje ya Kahama, na huruma ndiyo iliyomponza. Badala ya kuwachanganya waendesha pampu, aliwaweka watu wa sehemu moja zamu moja, wasafiri pamoja na wapumzike pamoja. Wa Samuye huku, wa Tarime kule. Watu wakamwombea dua. Meneja Herman alipomuuliza kama wafanyakazi watatosha akifungua duara la pili, yaani shimo jingine la kuchimbia, alijibu bila kupepesa macho, "Watatosha, bosi." Kwa idadi walitosha kweli. Tatizo ni kwamba idadi haifiwi.

Jumatatu moja ya mvua, watu wa Tarime wakiwa mapumzikoni kwao, simu ikaja kutoka Samuye: Mzee Pantaleo amefariki, mazishi kesho. Marehemu alikuwa baba yake Donatus, msimamizi wa pampu. Hata chai haijapoa, zamu nzima imesimama mlangoni kwa Zuhura, kofia mkononi.

"Mama Akida, tunaomba ruhusa."

"Nyote?"

"Sote," akasema Eliya, aliyewazidi umri. "Kwetu asiyeonekana msibani anatengwa. Nisipomzika yeye, mimi nitazikwa na nani?"

Zuhura alilijua hilo. Alipofiwa na mumewe kwake Nyahanga, hawa hawa ndio waliochimba kaburi. Lakini maji yalikuwa yakiingia kwenye maduara yote mawili. Wachimbaji walishatolewa, sawa, ila pampu zikizimwa mpaka kesho kutwa magogo yanayozuia kuta yatalegea, nazo zitaporomoka, na riziki ya kila mtu pale itafukiwa.

Herman akaja juu. "Uliniambia wanatosha!"

"Nilikosea."

"Basi wazuie!"

"Nimzuie nani?" Aliogopa, wala tusimfichie. Alikuwa mjane, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea Akida. Alimtazama huyu, akamtazama yule, na kila aliyetazamwa aliinamisha uso.

Ndipo Donatus akavaa kofia yake. "Waende. Nitabaki mimi."

Eliya akashtuka. "Wewe? Mfiwa mwenyewe?"

"Nyinyi msipokwenda mtatengwa. Mimi nani atanitenga na msiba wa baba yangu?" Alisema polepole, macho mekundu. Kisha akamgeukia Zuhura. "Naomba kitu kimoja tu, mayu, mama yangu. Nenda wewe, ukanitupie udongo."

Zuhura alitaka kukataa, akashindwa. Hata Herman hasira zilimwisha. Alikunja mikono ya shati, akamfuata Donatus kwenye pampu.

Kesho yake, jeneza lilipokwisha kushushwa, katekista akaita, "Mtoto wa marehemu asogee."

Zuhura akasogea, mtandio umelowa. Minong'ono ikaanza. Mjane wa Pantaleo, aliyekuwa ameshikwa huku na huku na wanawake wenzake, akamkazia macho mgeni huyu.

"Donatus wangu yuko wapi?"

Eliya alifungua kinywa amsaidie, Zuhura akamzuia kwa mkono.

"Yuko kazini, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyempangia zamu."