Bachuli Devi na Kiapo cha Chumvi

Matokeo ya uchaguzi wa bunge la jimbo yalipoanza kutangazwa, Bachuli Devi alikuwa zizini anakamua, na aliyekwenda kumwita alijibiwa kwamba ng'ombe hamngojei waziri. Lakini Surekha, mke wa mwanawe, alipopaza sauti barazani, simu mkononi, kwamba Jabar Singh wa chama cha Ngazi amepita, mama wa watu aliiacha ndoo akatoka mbio, mikono inachuruzika maziwa. Ngoma zikatolewa. Wanawake wa Sirkoti wakacheza mpaka mitandio ikawadondoka.

"Kapita kwa kura ngapi?" Bachuli akauliza.

"Chache mno, mama." Surekha hakuwa akicheza. "Wa pili ni nesi Pushpa. Kura za Sirkoti peke yake zingemtosha kushinda."

"Basi sisi ndio tuliomweka Jabar Singh!"

"Ndiyo, mama. Ni sisi."

Bachuli alisikia sifa. Mkwewe hakuwa amempa sifa.

Huyu Bachuli Devi hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Aliolewa Sirkoti angali msichana, akakata majani kwenye magenge ambayo mbuzi wenyewe huyaogopa. Mumewe alikata roho njiani, amefungwa kwenye kiti kilichobebwa na wanaume wanne, kwa kuwa barabara ya magari iliishia bondeni, ng'ambo ya mto. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani, barabara. Ndiye aliyewaongoza wanawake kuvunja mitungi ya gongo ya mwenye duka, na mwenye duka alipomwita mchawi alimjibu, "Ningekuwa mchawi ningehangaika na mawe?" Watu walimwogopa kidogo na kumwamini sana. Mtu wa namna hiyo akikosea, hakosei peke yake.

Naye alikosea. Kabla ya uchaguzi Jabar Singh alipanda Sirkoti kwa miguu, akatokwa jasho mbele ya watu, akainama kumgusa Bachuli miguu kama mwana kwa mamaye, akaahidi kwamba barabara itafika kabla ya theluji ya pili. Bachuli akaliamini lile jasho. Kesho yake alikiita kijiji kizima kwenye ua wa Nagraja, mungu wao, akaweka kopo la shaba lililojaa maji, na kila mwenye kura akatumbukiza chumvi akisema, "Nisipompa kura Jabar Singh, niyeyuke kama chumvi hii." Katika milima ile hakuna kiapo kinachokishinda hicho. Mtu aweza kumdanganya polisi, hakimu na hata mkewe, chumvi haidanganyiki.

Madho Singh, mdogo wa marehemu mumewe, alitumbukiza mara mbili. "Moja ya kura," alisema, "moja ya mchuzi." Watu wakacheka.

Surekha alirudi nyuma. "Mama, mimi nataka kumpa nesi Pushpa. Ndiye aliyenizalisha."

"Alikuzalisha chini ya mwamba, mvua inakunyeshea, kwa sababu hatuna barabara! Weka chumvi."

"Kura ni yangu, mama."

"Na nyumba unayolala ni yangu. Weka."

Akamshika mkono, akauleta juu ya kopo. Surekha akaweka.

Watu wote wale walijifunga kwa mtu mmoja, na yeye hakuna aliyemwambia atie hata chembe. Jabar Singh alikuwa ameshashuka zake, hana kiapo chochote shingoni.

Bunge jipya lilikwama kabla halijakaa. Chama cha Ngazi na chama cha Kengele vilitoka sare, na mara wabunge wakaanza kutafutwa kama mbuzi wa sikukuu. Jabar Singh akatoweka. Simu yake haikuita. Alipoonekana tena alikuwa kwenye hoteli huko tambarare, skafu ya Kengele shingoni, analishwa tamutamu za laddu kwa mkono wa mkuu wa Kengele, yule yule ambaye yeye mwenyewe alimwita mwizi kipindi chote cha kampeni.

"Nimesikiliza sauti ya dhamiri yangu," aliwaambia waandishi wa habari.

"Kumbe dhamiri yake ina bwawa la kuogelea," alisema Madho Singh, akichungulia simu juu ya bega la Surekha.

Bachuli hakucheka. Alishuka mlima, akavuka mto, akafika ofisi ya mbunge sokoni, akasimama mlangoni tangu asubuhi hadi jua linakuchwa. Mlinzi alimwambia mheshimiwa sasa ni waziri mdogo wa serikali ya Kengele, na waziri mdogo hana miguu ya kuguswa na kila mtu. "Miguu yangu ndiyo aliyoigusa yeye!" alifoka Bachuli. Mlinzi akafunga geti.

Sheria ilimtaka Jabar Singh, kwa kuhama chama, akiache kiti na kukiomba upya. Uchaguzi mdogo ukatangazwa. Nesi Pushpa akajitokeza tena, mgombea asiye na chama, alama yake cherehani.

Sirkoti walifurahi. Sasa tutamwonyesha, walisema. Wakati ule walikuwa wakipura ngano, na katikati ya makapi na vumbi ndipo alipofika Harku, mwanakandarasi wa kokoto, mpambe wa Jabar Singh. Alikaa juu ya ukuta bila kukaribishwa.

"Shikamoo, shangazi. Mheshimiwa anawasalimu sana. Anasema huku hana haja ya kupiga kampeni. Nyie mmeshaapa."

"Tulimwapia mtu wa Ngazi," Bachuli akajibu bila kuacha kupura.

"Ah, shangazi! Ngazi aliitaja nani? Mimi nilikuwepo uani, masikio ninayo. Mlitaja jina. Jabar Singh. Na jina halijabadilika, kilichobadilika ni skafu tu." Akacheka mwenyewe. "Tena hamkusema uchaguzi upi. Sasa mimi sipendi mtu ayeyuke hapa. Nina huruma, ndiyo tabu yangu."

Fimbo za kupuria zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe akamkumbatia. Bachuli aliziona nyuso zao. Hofu ile haikuletwa na Harku. Yeye aliikuta pale ikiwa tayari, akaiokota kama mtu aokotavyo jiwe la jirani.

"Na mashine yenu ya kura itasomwa peke yake," Harku akaongeza, akijipangusa makapi. "Tutajua Sirkoti wamempa nani."

"Toka."

"Natoka, shangazi. Chumvi nawaachia wenyewe."

Tangu hapo nyumba ya Bachuli haikutulia. Huyu alikuja kusema mwanawe ana homa, asije akafa kwa sababu ya kura. Yule alisema amuulizie kwa kuhani kama kuna dawa. Wengine walishaamua kumpa mwizi kura zao, kwa aibu, ili walale. Bachuli aliwakemea wote, na kadiri alivyokemea ndivyo alivyozidi kujua kwamba anajikemea mwenyewe.

"Mama," alisema Surekha siku moja wakila mkate wa ulezi, "wewe uliitia. Wewe itoe."

"Chumvi iliyokwishayeyuka inatolewaje?"

"Ungefikiri hivyo kabla hujanishika mkono."

Hakuna mkwe aliyewahi kusema hivyo katika nyumba ile. Hasira yote ya Bachuli kwa Jabar Singh na Harku na yule mlinzi ilimgeukia mwenyewe, ikamkaa kifuani.

Asubuhi yake alikiita kijiji tena kwenye ua wa Nagraja. Safari hii hakuleta kopo. Alisimama kichwa wazi, jambo ambalo mjane wa umri wake halifanyi, akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Nagraja! Hawa waliweka chumvi kwa shuruti yangu. Aliyetudanganya unamjua. Aliyewashurutisha ni mimi, na kura ya mtu si ng'ombe wangu niifunge kamba. Kama lazima ayeyuke mtu, anza na mimi, na ukimaliza na mimi utosheke."

Kisha akawageukia watu. "Siku ya kura nitaingia wa kwanza, na Jabar Singh hapati kitu kwangu. Nikitoka nitakaa juu ya ukuta wa shule. Nitazameni. Nikiyeyuka, mpeni huyo mwizi kura zenu mwende salama. Nisipoyeyuka, kila mtu ampe anayemtaka."

"Yaani Pushpa?" aliuliza Madho Singh.

"Nimesema Pushpa? Nimesema anayemtaka!" Maneno yale yalimtoka kama mwiba unaong'olewa.

Siku ya kura mawingu yalishuka mpaka kwenye mapaa. Bachuli aliingia, akabonyeza cherehani, akatoka na wino kidoleni, akakaa ukutani. Watu walijipanga wakimtazama. Wengine walimgusa bega walipopita, eti wanamsalimia. Mara ikaanza kunyesha.

"Shemeji," Madho Singh aliita kutoka kwenye foleni, "mvua hii ikizidi, tutajuaje kama kinachotiririka ni wewe au ni maji?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo hotuba isingeifanya. Surekha alitoka akamletea mwavuli.

"Ondoa," alisema Bachuli, meno yakigongana. "Ukinifunika watasema mwavuli ndio ulioniokoa."

Alikaa pale mpaka wa mwisho alipopiga kura. Alirudi nyumbani amelowa, anapiga chafya, mzima.

Matokeo yalipotoka, Jabar Singh alishinda. Vijiji vya bondeni viliogeshwa pombe, na serikali nzima ilikuwa imehamia huko kugawa mabati. Hivyo ndivyo ilivyo, na asiyeona haya kwa hilo hana haya. Lakini mashine ya Sirkoti ilipofunguliwa ilikuwa cherehani tupu, isipokuwa kura chache za Kengele. Harku alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Shangazi, hongera, hujayeyuka. Iliyoyeyuka ni barabara."

Bachuli alimwambia maneno ambayo hayaandikiki.

Kisha kijiji kikaanza kuwasaka wale wachache. Nani? Mwenye duka? Kuhani? Bachuli aliwasaka kuliko wote, akipita nyumba hadi nyumba kwa macho, mpaka jioni moja Madho Singh alipoketi jikoni kwake kusubiri chai na kusema, "Usijisumbue, shemeji. Mmoja ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyeicheka dhamiri yake? Wewe uliyembeba kaka yako kwenye kile kiti?"

"Ndiyo sababu. Bega langu linakumbuka. Nesi wako ni mtu safi, sikatai, lakini atapata wapi serikali? Mwizi aliye ndani huenda akatuletea hata nusu barabara. Magoti yangu hayawezi kungoja mpaka watu wema watawale."

"Hataleta! Hata kokoto moja!"

"Huenda. Lakini nimempa kwa akili yangu, si kwa chumvi."

Mkono wa Bachuli ulikuwa umeshaokota kuni. Surekha, aliyekuwa akikanda unga, aliacha kukanda.

"Ulisema kila mtu ampe anayemtaka," Madho Singh akasema taratibu, akiitazama ile kuni. "Au ulikuwa unaongea na Nagraja tu?"

Bachuli alimtazama shemeji yake, akamtazama mkwewe, na kuni ikakaa hewani muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akaisukumiza mekoni, si kichwani mwa mtu. Akamimina chai, akaibamiza gilasi mbele ya Madho Singh hata nusu ikamwagika.

"Umekosea, Madho Singh. Umekosea vibaya, na nitakwambia hivyo kila siku mpaka mmoja wetu afe. Kunywa."

Madho Singh akanywa. Haikuwa na sukari, na hakuthubutu kuuliza.