Kiwanda Nilichokitaja Majlisini

Ami yangu hapendi kushindwa na jirani. Ana kambi ya watalii nje ya Al Mintirib, pale mchanga wa jangwa unapoanzia, na kambi ya jirani ilipochimba bwawa la kuogelea alinuna mwezi mzima. Kisha akaenda Sinaw kwa mtu anayeuza vyuma chakavu vya Ulaya, akarudi na lori. Juu yake kulikuwa na viti sita vya telefriki, vile vinavyopandisha watu milimani kwenye theluji, pamoja na waya, roda zake, na vibano vinavyokishikiza kila kiti kwenye waya. Alitaka wageni wapande mlima wa mchanga wamekaa, miguu inaning'inia.

Vibao vya kiwanda vilikuwa vimeng'olewa.

"Si wewe unayejua kila kitu kwenye simu?" akaniambia. "Nitafutie nani kavitengeneza. Bila jina hatupati kitabu, na bila kitabu hatujui vibano vikazwe kiasi gani."

Sikusomea ufundi. Nilikuwa naandikisha wageni hapo kambini, na theluji nimeiona kwenye friza tu. Lakini nina maradhi ya kutaka kupatia. Nikiandika orodha ya mashuka, herufi moja ikienda upande, naichana karatasi naanza upya. Kwa wiki mbili nilitazama picha za telefriki kuukuu. Kumbe wapo watu huko duniani wanaogombana kwa matusi juu ya umbo la bomba. Nikajifunza kwao kwamba kila kiwanda kina mkono wake, kama mshona kofia. Hiki hulipinda bomba ubavuni mwa kiti, kile hutia nguzo moja katikati. Letu lilipinda ubavuni kama shingo ya birika, na bomba la namna hiyo nililiona kwenye viti vya kiwanda kimoja cha Ufaransa. Nikaridhika.

Nilitazama kiti, sikutazama kibano. Vibano vilikuwa vimejaa grisi nyeusi, na mimi sipendi kuchafua mikono. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Huku kwetu mgeni akishakunywa kahawa majlisini, kwenye ukumbi wa wageni, huulizwa khabari, naye huwauliza wenyeji, na jibu ni moja tu: hakuna khabari ila kheri. Hata kama nyumba yake imeungua asubuhi ile. Ya kweli husemwa baadaye, pembeni. Nimezaliwa Ibra, desturi hii naijua tangu utotoni. Lakini nyumbani tunasema Kiswahili, na wazee wa majlisini huniita Mzinjibari, mtu wa kuja, basi nikikaa nao nahangaika kutafuta Kiarabu kisicho na dosari. Siku ile muuzaji wa Sinaw alikuja na jamaa zake. Mmoja akanigeukia, kwa adabu tu, akaniuliza khabari.

"Khabari ipo," nikasema. "Nimekijua kiwanda." Nikakitaja, na mji wake, na mlima ulio nyuma yake.

Vikombe vikasimama hewani. Kisha ami akacheka kwa fahari. "Mmemsikia? Mtoto wa ndugu yangu huyo!"

Tangu hapo jina lile likawa lake. Alikuwa amelikubali mbele ya wageni wake. Nikapakua kitabu cha Wafaransa, na fundi akavikaza vibano vyote kwa kipimo cha humo.

Siku mbili kabla ya kufungua, nilitaka kupiga picha ya kibano cha akiba. Grisi ikaniudhi, nikaifuta. Kwenye kitabu, kibano kina springi moja nene. Chetu kilikuwa na visahani vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nikaenda kutazama bomba la kiti: tundu la zamani limezibwa kwa kuchomelewa, jipya limetobolewa pembeni yake. Mtu huko Ulaya aliviozesha viti vya kiwanda kimoja kwa vibano vya kingine. Nikavitafuta vibano hivyo, nikavipata kwenye picha: ni vya kiwanda kidogo cha Italia kilichofungwa zamani. Kitabu chake sikukiona popote.

Nikamfuata ami.

"Shikamoo ami. Nimekosea. Vibano si vya Wafaransa. Kipimo tulichokazia si chake."

"Si ulisema mwenyewe majlisini?"

"Nilisema kabla sijafuta grisi."

"Basi ipake tena."

Nilidhani anatania. Ijumaa, siku ya kufungua, baada ya sala wageni wale wale walikuja, na aliyepangwa kupanda kwanza alikuwa bibi yangu, mama yake ami. Alikwisha kaa kitini, buibui amelikunja magotini. "Mikarafuu nimeipanda," akasema, "nitashindwa na kiti?"

Nikauchomoa ufunguo wa mota.

"Lete hapa," akasema ami.

"Pandisha mchanga kwanza, ami. Magunia."

"Mwoga we! Woga huo umeutoa kwa mama yako, kwetu hakuna hayo."

"Magunia, ami."

Watu walikuwa wanatazama, hakuweza kunipiga. Bibi akashuka, akaenda kukaa kivulini. Tukapakia magunia ya mchanga, uzito wa watu wawili, nami nikachora mstari wa chaki juu ya waya, umegusana na kibano. Nikarudisha ufunguo, kiti kikapanda, kikarudi. Mstari uko pale pale. Safari ya pili, pale pale. Muuzaji wa Sinaw akapiga miayo.

"Umeridhika, daktari?" ami akauliza.

"Moja tena."

"Wallahi ukiniaibisha mara nyingine, kambi hii usiikanyage."

Kiti kiliporudi mara ya tatu nikauchomoa ufunguo, nikaenda kutazama: kati ya mstari na kibano palikuwa na upenyo. Nikatia vidole viwili ndani yake, vikaenea, nikamtazama ami. Kibano kilikuwa kimeteleza. Kingeendelea kuteleza.

Na hapa nitasema nisilowaambia watu wa nyumbani. Sikushukuru. Sikumfikiria hata bibi. Nilichohisi ni furaha tupu, ile ninayohisi orodha inapotimia bila kosa, na nilicheka kwa sauti, vidole vyangu bado viko kwenye upenyo.

Ami akauchukua ufunguo mkononi mwangu, akautia mfukoni, akawaambia wageni kwa Kiarabu kwamba chakula kiko tayari. Akangoja mpaka wote wamegeuka. Kisha akaniambia taratibu, kwa Kiswahili:

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akae pale, na wewe unacheka. Ondoka."

Nikaondoka.