Jogoo wa Mguu wa Mdogo Wangu

Nafundisha Baiolojia sekondari, Shinyanga mjini, na ninaishi Kambarage. Kila mwaka nabandika ukutani mchoro uleule wa mifupa, uliochanika kwenye mkono wa kushoto, na kila mwaka nawaambia wanafunzi wa kidato cha pili kwamba mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita na kwamba hakuna hata mmoja ulio ukuni. Watu wengi wanadhani mfupa ni kitu kikavu kilichochomekwa ndani ya nyama kama mti wa uzio. Mfupa uko hai. Unapitiwa na damu, ndani yake kuna uboho unaotengeneza damu nyingine, na nje umevikwa utando ambao ukiguswa vibaya utamjua aliyekuzaa. Somo hili nalifundisha kwa sauti ya juu mno, wanafunzi wananicheka, na mimi siwaelezi kwa nini. Mdogo wangu alikaribia kuwa kilema kwa sababu ukoo mzima uliuamini mguu wa kuku kuliko mguu wake.

Yeye ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa anachimba dhahabu upande wa Geita, kwenye yale mashimo wanayoyaita maduara, ambayo kuta zake huzuiwa na magogo yaitwayo matimba. Siku moja timba likachomoka, likamwangukia ugokoni. Wenzake walimtoa kwa kamba. Katika zahanati ya jirani nesi alimfunga ubao, akamchoma sindano ya maumivu na kuwaambia wasipoteze muda, apelekwe hospitali kubwa akapigwe picha. Mjomba wetu, ambaye naye yuko hukohuko machimboni, akatafuta gari na kunipigia simu kwamba wanakuja Shinyanga.

Niliomba ruhusa shuleni. Nilizungumza na daktari wa mifupa, akakubali kutusubiri, nikakaa kwenye benchi la mapokezi toka asubuhi. Nilipompigia mjomba aliniambia wanakaribia Kahama. Baadaye wakawa wanakunywa chai, kisha simu yake ikazimwa. Alasiri ndipo akapokea, sauti imetulia kabisa, akasema niondoe wasiwasi, wameshamaliza. Walikuwa Kagongwa, kwa fundi wa mifupa, na mgonjwa alikuwa amekwisha fungwa.

Daktari alipopita na kuniuliza mgonjwa yuko wapi, nilimwambia amwite anayefuata. Gari limetoka huko kote na mtu aliyevunjika mguu, limebakiza safari fupi tu kufika mlangoni pa hospitali, halafu linakata kona. Nikisema nilimsamehe mjomba siku ile nitakuwa mwongo, na hata leo bado.

Kesho yake nikaenda Kagongwa. Nilitegemea kukuta kizee mwenye mapembe na hirizi, nikamkuta mwanaume wa rika langu, shati limepigwa pasi, simu mbili mfukoni. Alinieleza kazi yake kwa adabu. Watu wawili walimshika mdogo wangu kwapani, yeye akauvuta mguu mpaka mfupa ukarudi mahali pake, akaupaka samli, akauzungushia vijiti vilivyochongwa na kuvibana kwa kamba za magome. Mpaka hapo ningeweza kuvumilia. Kisha akanionyesha jogoo mwekundu kwenye tenga kando ya mgonjwa, naye amefungwa vijiti mguuni. Kwa mgonjwa mwanaume huchukuliwa jogoo, huvunjwa mguu palepale alipovunjika mtu, hufungwa vilevile, na wote wawili huenda nyumbani pamoja. Siku jogoo atakaposimama na kutembea, vijiti vya mtu navyo hufunguliwa, naye husimamishwa.

Nilimuuliza amemvunja jogoo wapi. Akanionyesha, pale chini kwenye magamba. Nikamwambia hata pahali penyewe amekosea. Ule mguu wa magamba si ugoko wa kuku, ni unyayo wake. Kuku anatembea kwa vidole, na kile tunachokiona kama goti linalokunjika kinyume ni kifundo chake cha mguu. Ugoko wake ni lile pande la nyama tunalogombania mezani. Kwa hiyo mdogo wangu amevunjika ugoko na mwenzake amevunjika unyayo. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye habishani na walimu, na mjomba akanivuta mkono tutoke.

Wakampeleka nyumbani kwa mama, Kishapu. Mama alimlea yule jogoo kama mgonjwa wa pili. Alimletea mtama kwa mkono wake, akamwekea maji kwenye kikombe changu cha utotoni, na mvua ilipotishia alihamisha tenga kabla hajaanua nguo. Wageni walioingia kumpa mdogo wangu pole walimsalimia haraka haraka, kisha wakainama kwenye tenga kujua hali halisi. Yeye mwenyewe alilala ubavu akimtazama jogoo kutwa nzima. Nilipomuuliza maumivu yakoje, alinijibu kwamba leo jogoo amekunja vidole.

Haikutimia hata mwezi, jogoo akasimama. Ilikuwa lazima asimame. Mfupa wa kuku ni mwembamba na unaunga upesi, wiki chache tu zinamtosha. Ugoko wa mwanaume mzima unabeba mwili wote na unataka miezi. Wakati ule, pale palipovunjika palikuwa pameshikwa na gegedu tu, kitu laini kama sikio. Kama angeukanyagia, mguu ungepinda, au ncha ya mfupa ingetoboa ngozi, maana mbele ya ugoko hakuna nyama ya kuizuia. Nilimweleza mama hayo yote kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma, nikamchorea chini kwa kijiti. Aliniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, umesoma, hilo silikatai," alisema. "Lakini jogoo anatembea na wewe umemwona."

Akamtumia fundi salamu aje siku inayofuata mnada kumsimamisha mgonjwa. Mjomba alipiga simu kunionya kwamba elimu imenipanda kichwani. Mdogo wangu aliomba anyolewe ndevu kwa ajili ya siku hiyo.

Siku ya mnada mama alipotoka, nilimchinja jogoo. Sijutii. Nilikuwa nimebembeleza, nimeeleza, nimelia, na wote walinijibu kwa kunyoosha kidole kwenye tenga. Basi nikaliondoa la kunyooshewa kidole. Nilimchemsha na kitunguu na chumvi, nikampelekea mdogo wangu supu. Alikula akaisifu, akalamba vidole. Ndipo akauliza mbona jogoo kimya.

"Umemla," nikamwambia. "Sasa lala, mfupa uunge."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aligeukia ukutani, akavuta shuka mpaka shingoni.

Mama aliporudi na kuona manyoya jikoni aliketi chini pale pale, mzigo ukiwa bado kichwani, akalia kilio cha msibani. Majirani walikuja mbio wakidhani mdogo wangu amefariki. Aliniita Mwalimu, yeye ambaye hajawahi kuniita hivyo, akaniambia nimemuua mwanawe. Kesho yake fundi alifika, akasikia habari, akakataa hata kuugusa mguu. Alisema kazi yake imeharibiwa na mwenye kutembea mbele hayupo tena, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Kwa kuwa kwao mguu ulikuwa umeshakufa, hakuna aliyenizuia tena kuupeleka hospitali. Picha ilionyesha mfupa umekaa kwenye mstari, umepinda kidogo sana, na hapo siwezi kumnyima fundi haki yake, mikono yake ilivuta vizuri. Mdogo wangu akafungwa plasta ngumu. Miezi ikapita, plasta ikakatwa, akapigwa picha nyingine, daktari akasema umeunga, aanze kusimama kwa magongo na kuukanyagia mguu taratibu.

Hakusimama. Alirudi Kishapu, akalala kitanda kilekile. Magongo mama aliyaegesha nyuma ya mlango, baadaye akayaanikia nguo. Kila nikienda mwisho wa wiki nilimkuta paja limepungua, na nilijua kinachoendelea ndani, kwa sababu mfupa usiobeba uzito mwili huuona hauna kazi na huanza kuunyang'anya chokaa yake. Mguu mzima, uliopona, ulikuwa unaoza kwa kulazwa. Nilipomwuliza anangoja nini, alinijibu kwa upole kwamba mwenzake hakumaliza safari. Mama hakuwa ananisemesha, isipokuwa kunikaribisha chakula.

Nilikuwa nimechoka kuwa mpole. Jumapili moja nilifunua shuka, nikamshika mkono mdogo wangu kwa nguvu, nikaviburuza vidole vyake kwenye ugoko mpaka vikagota kwenye uvimbe mgumu, mkubwa kama punje ya karanga iliyo kwenye ganda.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Sijui, dada."

"Ni mfupa. Umeujenga wewe. Jogoo alikuwa ameshaliwa na kusahaulika, na wewe hapa unajenga mfupa umelala, hujui. Damu iliganda, ikawa gegedu, ikaingia chokaa, ikawa hii. Pana mfupa mwingi kuliko mguu wa pili. Palipounga ni pagumu kuliko mwanzo, unasikia? Pagumu kuliko mwanzo. Simama."

Alipapasa mguu wa pili, akarudi kwenye ule uvimbe, akaubonyeza, akapapasa tena. Nilisimama pale nikihema kama niliyetoka kufukuza ng'ombe shambani. Kisha akateremsha miguu yote miwili, akashika kitanda, akashika bega langu, akasimama. Alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka. Mama alikuwa mlangoni na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Alisema "wabeja," na najua alikuwa anamshukuru Mungu, si mimi, lakini sahani alinipa mimi.

Baada ya hapo alitembea. Kwanza mpaka jikoni, halafu mpaka kwa jirani, halafu mpaka mnadani bila gongo. Alichechemea kidogo tu, na watoto walimfuata wakimwiga, naye anacheka. Nilijidai, kwa nini nisijidai. Darasani nilisimulia kwamba namjua mtu aliyesimamishwa na somo la Baiolojia.

Kisha mama akapiga simu asubuhi moja, wakati nimo darasani, na mama hapigi saa hizo. Alisema mdogo wangu amefunga begi. Nilimwambia ampe simu. Nilipiga kelele mbele ya wanafunzi, nikamwuliza amesahau timba, amesahau kamba, amesahau miezi ile yote kitandani.

"Dada, si wewe uliyesema palipounga ni pagumu kuliko mwanzo?" Alikuwa anacheka, ana furaha kweli. "Mguu huu hauvunjiki tena."

Akaenda. Alitembea mwenyewe mpaka barabarani na begi begani, mama anasema hakupumzika njiani. Sasa yuko kwenye duara lingine, palepale upande wa Geita. Mjomba ananiambia, tena kwa kujivunia, kwamba wenzake humwomba akunje suruali waguse ule uvimbe kabla hawajashuka, na kwamba sehemu ambayo matimba yake hayajajaribiwa, yeye ndiye anayetangulizwa.

Nimempigia mara nyingi. Nataka kumwambia kwamba sikumaliza somo, kwamba nilikuwa na hasira na nilimsomea ukurasa mmoja tu, ule wa kumnyanyua. Kitabu kinaendelea. Baada ya muda mwili unaukwangua ule uvimbe kidogo kidogo, unauondoa mfupa wa ziada, mpaka ugoko unabaki kuwa ugoko wa kawaida, na timba likiuangukia unavunjika kama ulivyovunjika mwanzo. Ni sentensi fupi, haichukui hata dakika. Lakini zamu zao hazina mchana wala usiku, na kila nikipiga simu yake haipatikani, maana yuko chini.